Hodi Juu, Karibu Chini

Simu ya marehemu ilikuwa mezani, na Inspekta alikuwa amekaa mbele yake tangu saa moja na nusu asubuhi, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Mlangoni alisimama konstebo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli la polisi, madirisha yamezungushiwa utepe. Hata panya akitaka kuingia angeomba kibali.

Saa ya ukutani ikagonga saa mbili kamili. Simu haikutikisika. Hakuna mkono ulioigusa, na taa yake ndogo ya kijani haikuwaka.

Sekunde kumi baadaye ikalia mara moja, ikanyamaza.

Inspekta hajamaliza kushusha pumzi, simu yake ya mkononi ikaita mfukoni. Alikuwa binti wa marehemu, karani wa mahakama, mtu ambaye siku ya jana alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Afande," alisema. "Baba amebisha hodi."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa mbili kamili, kama kawaida. Namba ya nyumbani, mlio mmoja."

"Na simu iliyolia huku ni wewe uliyepiga?"

"Mkono umezoea, afande. Akibisha, namkaribisha. Nimeshabonyeza ndipo nikakumbuka kwamba hayupo."

Kesi yenyewe, kwa aliyechelewa kufika, ilikuwa hivi. Mzee alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya simu kwa miaka thelathini. Akastaafu, mkewe akafariki, akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Binti yake wa pekee anaishi upande wa pili wa mji, na kazini haruhusiwi kuongea na simu, maana hakimu wake akisikia mlio anaweza kuufunga hata ukuta. Basi baba na binti wakapatana. Kila siku saa mbili asubuhi mzee anabipu mara moja: hiyo ni hodi, maana yake nimeamka mzima. Binti naye anabipu mara moja: hiyo ni karibu, maana yake nimesikia. Kuongea waliongea Jumapili, ana kwa ana. "Nimesikiliza simu za watu miaka thelathini," mzee alipenda kusema. "Zangu nimezipa likizo."

Ijumaa jioni mpangaji wa chumba cha uani, fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Nyundo, alisikia harufu. Akafungua kwa ufunguo wa akiba na kumkuta mzee sakafuni sebuleni, jeraha kichwani, miwani chini ya kabati, simu imevutwa kwa waya mpaka chini. Daktari alisema amekufa tangu Jumatatu, au labda alfajiri ya Jumanne. Kama jeraha ni la kupigwa au la kuangukia pembe ya meza, hakutaka kuapa. Lakini karatasi ya kampuni ya simu ilionyesha kwamba namba ya nyumba ile ilimpigia binti Jumanne saa mbili, Jumatano saa mbili, Alhamisi saa mbili, hata Ijumaa yenyewe saa mbili. Maiti haibipu. Mwenye ufunguo ni Nyundo peke yake, na wiki iliyotangulia alikuwa amegombana na mzee kwa kugongagonga soli mpaka usiku. Mkuu wa kituo akajumlisha mbili na mbili, akapata mauaji. Jumatatu angemfikisha Nyundo mahakamani.

"Ukiokota maiti, umeokota kesi," Nyundo alimwambia Inspekta kupitia nondo za mahabusu. "Mimi nilikuwa nimenuna tu, afande. Hatusemezani. Lakini kila asubuhi naisikia simu yake inalia mara moja, nasema aa, kumbe yupo, na kiburi chake kiko salama. Natoka zangu kwenda kazini."

Kazini kwake ni lango la hospitali, ambako hushona viatu vya wagonjwa na wauguzi tangu saa mbili na nusu asubuhi mpaka jioni. Walinzi wawili walithibitisha kwamba Jumatatu hakubanduka pale.

Sasa Inspekta alisimama katikati ya sebule ya marehemu, akampigia Mkuu.

"Mkuu, Nyundo yuko mahabusu, mimi niko mbele ya simu, na simu hii imempigia binti saa mbili bila kuguswa."

"Ana mwenzake."

"Mwenzake aliyejificha wapi? Ndani ya waya?"

"Inspekta, usinichekeshe asubuhi. Nipe kitu cha kuandika kabla ya saa nane mchana, la sivyo faili linakwenda kama lilivyo."

Akakata. Inspekta aliitazama simu ile kwa mara ya mwisho. Ilikuwa ya vitufe vikubwa, ya watu wazima, na kitufe cha kwanza kilikuwa kimebandikwa karatasi nyekundu. Konstebo alikuwa ameshamweleza: ukibonyeza hicho, simu inampigia binti moja kwa moja, huhitaji hata kunyanyua mkono wa simu.

*

Jengo la mitambo ya simu lilikuwa la ghorofa tatu, na zamani, mlinzi alimwambia, lilikuwa na watu sitini. Walikuwa na timu yao ya mpira. Siku hizi alikuwa anamfungulia mtu mmoja asubuhi na kumfungia mtu mmoja jioni.

Mtu huyo alikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi mrefu wenye makabati ya chuma yanayonguruma. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, amevaa sweta kwa ajili ya baridi ya viyoyozi. Kulikuwa na meza moja, kompyuta moja, kikombe kimoja na kiti kimoja. Alimpisha Inspekta kwenye kiti, akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Nikiongea peke yangu usinishangae, afande," alisema. "Hapa usipojisemesha unaweza kusahau sauti yako."

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiye mimi. Mafundi wengine wameshakuwa kompyuta."

Inspekta alifungua karatasi ya kampuni na kuitandaza mezani.

"Soma hapa. Jumanne."

"Saa mbili kamili."

"Soma na sekunde."

Fundi alisogeza miwani. "Sifuri sifuri."

"Jumatano?"

"Sifuri sifuri."

"Alhamisi, Ijumaa, na hii ya leo nimeipigia mstari mwenyewe. Kila siku sekunde sifuri sifuri. Mimi nina saa nzuri mkononi, na hata chai yangu siwezi kuinywa kwa sekunde ileile siku tano mfululizo. Nani anayeweza?"

"Labda saa ya seva ina hitilafu."

"Simu nyingine zote kwenye karatasi hii zina sekunde zake. Hitilafu gani hiyo inayochagua mtu?"

Fundi akajipangusa shingo, ingawa kulikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi samaki.

"Mtambo huu," Inspekta akaendelea, "unaweza kumpigia mtu wenyewe, bila kutumwa?"

"Mtambo ni mtambo, afande. Hauna ndugu wa kumpigia."

"Sijauliza kama una ndugu. Nimeuliza kama unaweza."

"Kuna huduma ya kuamsha. Hoteli zinaitumia. Mgeni anataka kuamka saa kumi na moja, tunaandika, saa ikifika seva inampigia."

"Na simu ya mgeni inaonyesha namba ya nani?"

"Ya hoteli."

"Kwa hiyo namba mnachagua nyinyi."

Fundi akasogeza kikombe kando.

"Nifungulie kanuni za namba ya Mzee."

"Kanuni ni siri ya kampuni. Panahitajika barua."

Inspekta alitoa barua kwenye mkoba, imegongwa muhuri, imekunjwa mara nne. Watu wanaomjua humwita Sindano, na si kwa sababu ya wembamba. Fundi aliisoma taratibu, kama mtu anayeomba iwe ndefu zaidi, kisha akainama juu ya kompyuta bila kukaa.

"Nieleze huku ukifungua," Inspekta alisema. "Kanuni ni kitu gani? Niambie kama unamwambia mama yako."

"Ni kama trafiki pale njia panda. Kila simu inayoingia, seva inaiuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, na umeanzishwa na nini, mkono wa mtu au saa ya mtambo? Halafu inasoma orodha ya kanuni kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza inayolingana na simu hiyo ndiyo inayofuatwa. Ikishaipata, za chini haizisomi tena."

"Hata kama ya chini ndiyo nzuri zaidi?"

"Haijui nzuri, afande. Inajua ya kwanza."

Orodha ikafunguka. Zilikuwa zaidi ya mia nne, zenye majina makavu ya herufi na tarakimu. Lakini mbili za juu kabisa zilikuwa na majina yenye roho.

Ya kwanza iliitwa HODI. Ya pili iliitwa KARIBU.

Pembeni yake palikuwa na tarehe ya miezi miwili iliyopita, na jina la aliyeziandika. Inspekta alilisoma jina hilo, kisha akalisoma tena kwenye kitambulisho kilichoning'inia kwenye sweta mbele yake.

"Kiti hiki kimoja tutakigawana vipi," alisema, "maana naona unahitaji kukaa."

Fundi alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la chuma.

"Mzee ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Nilikuja hapa nikiwa sijui hata waya mwekundu unakwenda wapi. Amestaafu miaka tisa, na miaka tisa hiyo kila Alhamisi anapanda ngazi hizi kuja kunisalimia. Anakaa hapo ulipokaa wewe. Sina mgeni mwingine, afande. Sijawahi kuwa naye."

"Endelea."

"Akaanza kusahau. Siku mbili akasahau kubisha hodi. Binti akaacha kazi, akaja mbio na teksi, akamkuta anamwagilia maua. Akamwambia, baba, ukisahau mara ya tatu nakuhamishia kwangu, hakuna mjadala. Mzee akanijia hapa amenywea. Akasema, 'Kule kwake nitakaa sebuleni kama kabati, wajukuu wananizunguka kwenda jikoni. Nisaidie, mwanangu. Nikisahau mimi, mtambo usisahau.'"

"Ukaandika saa."

"Niliandika kila siku saa mbili seva impigie binti kwa namba ya nyumbani kwa Mzee. Na kanuni ya kuikata baada ya mlio mmoja. Mzee hakutakiwa kufanya lolote. Alikuwa anasikia tu karibu inalia kwake, anacheka."

"Na alipokufa, mtambo haukufiwa."

"Haukufiwa."

"Ulijua lini?"

"Jana jioni. Mlinzi aliniambia. Alhamisi hakuja, nikadhani amesahau tu." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. "Nikasema niifute. Nimekaa hapa kidole juu ya kitufe. Nikashindwa. Nikiifuta, ndiyo basi. Alhamisi haji mtu, na saa mbili habishi mtu."

Inspekta alimhurumia, na alikasirika, na hasira ndiyo iliyotangulia mdomoni.

"Kuna mtu analala kwenye sementi kwa sababu ya kidole chako hicho. Hakubipu yeye, ulibipu wewe, na ulijua."

"Sikujua kama wamemkamata mtu! Wallahi sikujua."

Huenda ni kweli. Alikuwa mtu ambaye habari za mji zingemfikia baada ya wiki. Inspekta alipiga simu kituoni.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Sawa," alisema. "Mtambo ulibipu. Umeniondolea ushahidi mmoja. Na kichwa cha mzee kilipasuliwa na nani? Angalia karatasi yako, Jumatatu saa nne. Soma maelezo ya binti."

Inspekta hakuhitaji kuyasoma, alikuwa ameyaandika mwenyewe. *Jumatatu kati ya saa nne na saa nne na nusu baba alinibipu mara saba. Hakuwahi kufanya hivyo. Tulikuwa kwenye kikao, simu ilikuwa mapajani, nikawa najizuia kucheka. Nilijua leo ana furaha. Kikao kilipoahirishwa kidogo nikamrudishia moja.*

"Mtu mwenye shida anapiga, habipu," Mkuu akasema. "Kwa hiyo saa nne mzee alikuwa mzima, anachezea simu. Nyundo alirudi saa kumi na mbili. Hesabu ni ileile. Saa nane, Inspekta."

*

Inspekta aliirudisha karatasi mezani na kuinamia Jumatatu. Kulikuwa na hodi ya mtambo, saa mbili kamili. Halafu zile saba: saa nne na dakika kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini na tatu, ishirini na nane. Sekunde zake zilikuwa za kibinadamu, tisa, arobaini na moja, thelathini na tatu, kila moja na yake. Hizo hazikuwa za mtambo. Kulikuwa na mkono.

"Hizi alipiga mwenyewe," alisema.

"Alipiga mwenyewe," Fundi akakubali kutoka sakafuni. "Mtambo hauna saa nyingine zaidi ya ile ya saa mbili."

Hapo pangetosha. Ila Sindano hakuitwa Sindano bure. Alishuka na kidole kwenye safu ya mwisho, ambayo kituoni hakuna aliyeisoma kwa kuwa ilikuwa na tarakimu moja moja, ndogo kama mbu: muda ambao kila simu iliita.

Karibu za binti zilikuwa zimeita sekunde tatu, sita, nne, saba, nne. Ndivyo mtu anavyobipu, mara kidole ni chepesi, mara kimechelewa.

Zile saba za mzee zilikuwa tano. Tano, tano, tano, tano, tano, tano, tano.

"Fundi. Simama."

Akasimama.

"Mzee alikuwa na umri gani? Sabini? Mkono ulikuwa unamtetemeka?"

"Alikuwa anamwaga nusu ya chai kabla haijafika mdomoni."

"Mkono huo ukate simu mara saba kwa sekunde tano kamili, bila kukosea hata mara moja?"

Fundi alitazama karatasi. Akaitazama muda mrefu.

"Nani alizikata, Fundi?"

"Hapana," alisema. "Hapana, afande. Hilo nililifikiria. Ndiyo maana niliandika mbili. HODI ni ya kukata: simu yoyote kutoka kwa Mzee kwenda kwa binti, mlio mmoja, kata. Na KARIBU ni kwa dharura: simu ikianzishwa na mkono wa mtu, kutoka kwa Mzee kwenda kwa binti, ipite, iite mpaka ipokelewe. Niliiandika. Hii hapa. Mzee mwenyewe alisema usije ukanifungia mlango."

"Ipi iko juu?"

Fundi alifungua mdomo.

"Nimeuliza ipi iko juu."

"HODI," alisema kwa sauti ndogo. "Si ndivyo ilivyo? Mtu anabisha hodi, halafu anakaribishwa. Nani anaanza na karibu? Hodi hutangulia..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye kompyuta. Palikuwa na ukurasa wa majaribio, ambapo unaiandikia seva simu ya kuigiza na yenyewe inakuonyesha ingeipeleka wapi, bila simu ya mtu yeyote kuita. Inspekta alimsomea, yeye akaandika. Kutoka: namba ya Mzee. Kwenda: namba ya binti. Imeanzishwa na: mkono. Siku: Jumatatu. Saa nne na dakika kumi na nne.

Akabonyeza. Jibu likaja kabla hajaondoa kidole.

*HODI. Mlio mmoja. Kata.*

"Tena," Inspekta alisema. "Dakika ya kumi na tano."

*HODI. Mlio mmoja. Kata.*

Alimfanya ajaribu zote saba. Ni utaratibu, na utaratibu haujali machozi ya mtu. KARIBU ilikaa pale chini yake, imeandikwa vizuri, haina kosa hata la herufi, na kwa miezi miwili hakuna simu hata moja iliyowahi kuifikia.

"Ulipoziandika uliwahi kuzijaribu?"

"Hodi niliijaribu. Karibu sikuijaribu."

Makabati yalinguruma. Inspekta alikuwa anaandika, haraka, kwa mwandiko wake wa kubanana. Mzee ameanguka kabla ya saa nne na dakika kumi na nne. Kichwa kimepata pembe ya meza, miwani imeruka chini ya kabati. Ameivuta simu kwa waya. Bila miwani hawezi kusoma vitufe vingine, ila chekundu anakiona, au anakipapasa, ni cha kwanza. Amekibonyeza mara saba. Na saa hiyo Nyundo alikuwa lango la hospitali, mbele ya walinzi wawili, na kiatu cha muuguzi mapajani.

"Afande," Fundi alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya juu na chini. Simu ikikatika mara ya kwanza, mtu anadhani ni bahati mbaya. Ya pili, Mzee angejua. Angejua kabisa nilichofanya."

Inspekta angesema hapana, wote wawili wangejua ni uongo.

"Chapa kurasa zote, na majaribio yote saba. Weka sahihi kila ukurasa. Kanuni ziache kama zilivyo, ni ushahidi. Saa izime."

"Niizime?"

"Izime, Fundi. Kesho binti wa watu apumzike."

Aliizima. Ilikuwa alama ndogo tu ya kuondoa kwenye kiboksi. Kisha akauliza kama atafungwa, na Inspekta akamwambia kweli, kwamba hajui, hilo si lake kuamua, na kwamba Jumatatu afike kituoni na mtu wa kuandamana naye.

"Sina mtu," Fundi alisema.

"Basi njoo na mlinzi."

*

Mkuu alisoma kurasa zote akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika kwenye zile tano saba akakaa.

"Mtoe Nyundo," alisema baadaye. "Na uandike ripoti ya kifo. Uandike yote, Inspekta, na hizo saba. Bila hizo saba, mzee hakuanguka saa nne Nyundo akiwa langoni, alianguka saa kumi na mbili Nyundo akiwa nyumbani. Utaniletea nisaini, Jumatatu asubuhi iende masijala ya mahakama."

Masijala ya mahakama. Inspekta alisimama na faili mkononi. Ripoti ya kifo hupokelewa na karani, hugongwa muhuri na karani, husomwa na karani ili ipangiwe hakimu. Na karani mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi la mapokezi tangu saa tano, mkoba mapajani, anasubiri kuambiwa ni nani aliyekuwa anabisha kwa jina la baba yake.

Nyundo alitolewa kwanza. Alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na funguo. Alipopita mbele ya benchi akasimama.

"Pole, dada," alisema. "Nilikuwa nimenuna tu. Ningegonga mlango hata siku moja."

"Najua, kaka. Nenda kapumzike."

Akaenda, kamba za viatu zikiburuza. Fundi viatu mzima.

Inspekta hakumwita ndani Karani. Alikaa naye pale pale kwenye benchi, akamweleza habari ya saa, ya mtambo, na ya mzee kukataa kuwa kabati. Karani alisikiliza mkono mdomoni, na kwenye kabati akacheka, kicheko kilichotoka na machozi.

"Baba huyo! Kwa hiyo tangu Jumanne nilikuwa naukaribisha mtambo."

"Ndiyo."

"Na zile saba za Jumatatu? Nazo za mtambo?"

"Hapana. Zile alipiga mwenyewe."

"Afadhali." Karani alijifuta macho kwa kiganja. "Afadhali, afande. Hata hivyo siku ya mwisho alinikumbuka mara saba."

Konstebo wa mapokezi alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Nje jua lilikuwa limeshapita utosi. Inspekta angeweza kuinuka, kumpa mkono, kumwambia pole. Jumatatu lile faili lingemfikia mezani, angelifungua kwa kisu chake cha barua, na angesoma ukurasa wa sita akiwa peke yake, watu wakimsukumia makaratasi dirishani.

"Mwanangu," alisema, neno ambalo hakuwahi kulitumia ndani ya kituo kile. "Baba yako hakukubipu Jumatatu. Alikupigia."

Akamweleza ipi ilikuwa juu na ipi chini. Hakurefusha na hakupunguza. Karani hakulia. Alikuwa ameukamata mkoba kwa mikono yote miwili, anatazama ukuta wa mbele.

"Nilimrudishia moja," alisema mwishowe.

"Najua."

"Saa nne na nusu. Hakimu alikuwa ametoka. Ningeweza hata kuongea. Nilibipu, nikakata."

"Hukujua, mwanangu. Hakuna aliyejua."

"Alikuwa bado yupo? Aliisikia?"

"Sijui," Inspekta alisema. "Simu ilikuwa sakafuni karibu na mkono wake. Zaidi ya hapo sijui."

Karani alifungua mkoba, akatoa simu. Alitafuta jina kwa kidole gumba, halikuwa mbali, likasema Baba. Akabonyeza na kuiweka sikioni. Inspekta, aliyekaa bega kwa bega naye, aliusikia mlio wa kwanza, na akasubiri ukatike. Haukukatika. Ukaja wa pili, wa tatu, wa nne, na kule kwenye nyumba iliyofungwa kwa utepe simu ya vitufe vikubwa ikawa inalia mezani, kiti kitupu mbele yake. Konstebo aliacha kuandika.

Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Karani akabonyeza tena.